SOMO LA WANACHAMA: MASHINE KATIKA MTELEMKO

Chama cha msingi kinapofikiria kununua mashine, mkutano huuliza bei yake, nguvu za injini yake, na mafuta yatakayotumika kwa kila ekari. Maswali hayo ni ya haki. Lakini katika nchi ya Usambara liko swali jingine ambalo lingefaa litangulie hayo yote, nalo aghalabu huulizwa baada ya ajali kutokea: mashine hiyo itafikaje shambani, na itarudije ikiwa na mzigo?

Somo hili linawahusu makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya milimani, hasa wale ambao chama chao kina pawatila au kinatazamia kuinunua. Yaliyomo yanalihusu pia trekta la kawaida na mashine za minyororo, kwa sababu mlima hauchagui. Lengo lake ni kuonyesha jambo moja: mashine ambayo dereva ameizoea katika uwanda hugeuka kuwa mashine nyingine inapoelekezwa chini ya mtelemko, na ustadi alioupata mahali pa tambarare waweza kuwa ndio unaomwangusha.

Mashine ya uwanda katika nchi ya mlima

Pawatila ni trekta la magurudumu mawili. Dereva huifuata kwa miguu akiwa ameshika mikono yake miwili, au huketi kwenye trela inapokuwa imefungiwa trela. Mashine hii ilikuzwa katika mashamba ya mpunga ya Asia. Hapa Tanzania imezoeleka katika nchi za mpunga kama Lower Moshi na Mbarali, na baada ya Azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009 ikagawiwa kwa vijiji na vikundi vya wilaya mbalimbali. Shamba la mpunga husawazishwa na maji yenyewe. Palipo na maji yaliyotulia hapana mtelemko, na mashine iliyozaliwa hapo haikulazimika kujifunza kushuka.

Usambara ni kinyume cha hayo. Mji wa Mombo uko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto kiasi cha mita 1,400. Barabara kati ya miji hiyo ina urefu upatao kilomita 33, maana yake hupanda mita 3 tu kwa kila mita 100 ikipigiwa wastani. Wahandisi waliirefusha barabara kwa kuizungusha ili wapunguze ukali wa mlima, na hata hivyo madereva wa malori ya mboga wanajua jinsi breki zinavyonuka zifikapo Mombo. Njia ya kijijini haikupata bahati ya kuzungushwa namna hiyo. Aliyeitengeneza alikuwa mtu mwenye mzigo kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani hukata moja kwa moja.

Hata Wajerumani waliokuwa wakivuna miti ya mtarakwa katika msitu wa Shume kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuthubutu kuishusha mbao yao kwa gari. Walijenga njia ya kamba za chuma kutoka huko juu hadi Mkumbara, penye reli, na magogo yakashuka yakining'inia hewani. Ilikuwa gharama kubwa, lakini walikuwa wameupima mlima kwanza.

Mwanachama atasema kwamba mashamba mengi ya mboga yako bondeni, penye maji na udongo wa tambarare, na kwamba pawatila hulima huko vizuri kabisa. Ni kweli. Kabichi, karoti, nyanya na hoho za bondeni hustahili mashine. Lakini ili mashine ifike bondeni ni lazima ishuke, na ili mazao yafike barabarani ni lazima yapande. Shamba ni salama, ila njia ya kwenda na kurudi siyo. Hilo ndilo ambalo muuzaji wa mashine hulisahau, kwa kuwa maonyesho yake huyafanyia uwanjani.

Kuupima mtelemko

Jicho ni pimo baya. Aliyezaliwa Mlalo au Mtae huona mtelemko wa kawaida mahali ambapo mgeni wa kutoka Korogwe huona ukuta. Kwa hiyo chama kipime, na kupima si kazi ya mhandisi. Watakiwa kuwa na mti ulionyoka wa mita 2, pimamaji ya fundi mwashi, na utepe wa kupimia.

Ncha moja ya mti huwekwa ardhini upande wa juu, na mti huelekezwa chini ya mlima. Ncha ya pili huinuliwa mpaka pimamaji ionyeshe kwamba mti umelala sawa. Kisha hupimwa kimo kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ikiwa ni sentimita 40, mtelemko umeshuka sentimita 40 katika sentimita 200, yaani asilimia 20. Ikiwa ni sentimita 60, ni asilimia 30. Wale waliojifunza kuchora makinga maji kwa fremu ya herufi A, wakati wa mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP ulioanza Lushoto miaka ya 1980, watakumbuka kwamba kazi hii haina ugumu wowote.

Pimo lichukuliwe mahali pakali kupita pote katika njia, wala si kwa wastani. Njia ya mita 300 yaweza kuwa na wastani wa asilimia 10, na bado ikawa na mita 8 za asilimia 35 pale kwenye kona ya kijito. Mashine haianguki kwenye wastani.

Tahadhari moja kubwa ni hii. Vitabu vya mashine mara nyingine hutaja mtelemko kwa nyuzi, na mara nyingine kwa asilimia, na viwili hivyo si kitu kimoja. Nyuzi 10 ni kama asilimia 18. Nyuzi 15 ni kama asilimia 27. Nyuzi 20 ni kama asilimia 36. Na nyuzi 45 ndiyo asilimia 100. Katibu akisoma katika kitabu kwamba mwisho ni asilimia 20, kisha akadhani ni nyuzi 20, atakuwa ameiruhusu mashine kwenda mahali pakali karibu mara mbili ya pale mtengenezaji alipokataza.

Mahali uzito ulipo

Kila mashine ina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kana kwamba umekusanyika. Madhali mstari unaoshuka wima kutoka kitovu hicho waangukia kati ya magurudumu, mashine husimama. Mstari ukivuka gurudumu la upande wa chini, mashine hupinduka, na hakuna mtu awezaye kuizuia kwa mikono.

Tuchukue mfano wa trela ambalo magurudumu yake yameachana sentimita 120. Kutoka katikati hadi gurudumu ni sentimita 60. Tuseme trela limejazwa viroba vya kabichi kwa lumbesa, hata kitovu cha uzito kimepanda sentimita 150 juu ya ardhi. Gawanya 60 kwa 150, utapata 0.4. Maana yake trela hilo, likiwa limesimama kimya kwenye mtelemko wa ubavu wa asilimia 40, liko ukingoni mwa kupinduka.

Msomaji atasema kwamba njia ya chama chake ina ubavu wa asilimia 25 tu, kwa hiyo ana nafasi ya kutosha. Sasa gurudumu la upande wa juu likanyage jiwe la sentimita 20. Kwa upana wa sentimita 120, jiwe hilo limeongeza mlalo wa kama asilimia 17. Ukijumlisha na ile 25 umekwisha kupita 40, na trela limelala ubavu. Gurudumu la chini likitumbukia shimo la sentimita 20 matokeo ni yale yale. Na hapo hatujahesabu mwendo, wala mzigo unaocheza, wala mtoto aliyedandia nyuma.

Rudia hesabu hiyo viroba vikiwa vimepangwa chini na kufungwa, kitovu kikiwa kwenye sentimita 100. Sitini kwa mia ni 0.6. Jiwe lile lile katika njia ile ile halitaliangusha trela. Safari mbili za mzigo mfupi hugharimu mafuta zaidi kuliko safari moja ya lumbesa, lakini gharama hiyo inajulikana na hulipika.

Kutokana na hayo, mashine yoyote ipande na kushuka mlima kwa kuukabili moja kwa moja, isiukate kwa ubavu isipokuwa pale ambapo njia imesawazishwa. Mtu anayepanda mlima kwa miguu hupumzika kwa kwenda mshazari. Mashine hupinduka kwa kufanya hivyo.

Usukani unapogeuka

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na ingefaa fungu hili lisomwe kwa sauti mbele ya kila dereva wa chama.

Pawatila nyingi hazina usukani kama gari. Chini ya kila mkono pana kishikio cha klachi ya gurudumu moja. Dereva akibana kishikio cha kushoto, gurudumu la kushoto hutengwa na injini. La kulia huendelea kusukumwa, hivyo mashine huelekea kushoto. Bana kushoto, nenda kushoto. Bana kulia, nenda kulia. Dereva hujifunza hivyo siku ya kwanza, na baada ya wiki mkono wake hufanya bila kufikiri.

Katika mtelemko mkali jambo hilo hugeuka. Mashine inaposhuka, si injini tena inayoyasukuma magurudumu. Ni uzito unaoyasukuma, na injini, ikiwa kwenye gia, ndiyo inayoyazuia yasikimbie. Dereva akibana kishikio cha kushoto, gurudumu la kushoto hutolewa katika kizuizi hicho, nalo hukimbia. La kulia hubaki limezuiwa. Gurudumu la kushoto linapolitangulia la kulia, mashine huelekea kulia. Bana kushoto, nenda kulia.

Mtu afikirie njia nyembamba ya ubavuni, genge likiwa upande wa kulia. Dereva anaona mashine inasogea kidogo kuelekea genge. Mkono wake, uliofundishwa katika uwanda, unabana kushoto ili airudishe. Mashine inakwenda kulia zaidi. Anashtuka na kubana kwa nguvu zaidi. Kosa hili si la uzembe wala ulevi. Ni kosa la mtu anayefanya sawasawa na alivyofundishwa, na kwa sababu hiyo ni la hatari kuliko makosa mengine. Adhabu za Bodi hazitaliondoa.

Kuna jingine baya zaidi. Dereva aliyeingiwa na hofu hubana vishikio vyote viwili, akidhani anashika breki kama za baiskeli. Magurudumu yote mawili hutengwa na injini kwa pamoja, na mashine hubaki haina kizuizi chochote isipokuwa breki ya trela, kama ipo na kama inafanya kazi. Kubana klachi kubwa huleta matokeo yale yale.

Je, usukani hugeuka kuanzia mtelemko wa kiasi gani? Hapana jibu la namba. Swali ni nani anayemsukuma mwenzake. Injini ikiwa inavuta, vishikio hufanya kazi kama uwandani, hata katika mtelemko mdogo. Uzito ukiisukuma injini, hufanya kinyume. Ukishika breki ya trela barabara hata mashine ikawa inalazimika kulivuta trela, usukani hurudi kuwa wa kawaida. Ukiiachia, hugeuka tena. Katika njia moja yenye mabonde na vilima, hali yaweza kubadilika mara kadhaa. Kwa hiyo haitoshi kumwambia dereva abane kinyume kila anaposhuka. Shauri lililo salama ni kwamba katika mtelemko asiviguse vishikio hivyo kabisa. Apunguze moto wa injini, awe kwenye gia ya chini, na aielekeze mashine kwa nguvu ya mikono, kidogo kidogo. Kona ambayo haiwezi kupitika hivyo si njia ya pawatila; ipanuliwe au iachwe.

Dereva mpya aonyeshwe jambo hili kwa vitendo kabla hajapewa mashine. Lichaguliwe eneo pana lenye majani na mtelemko wa wastani, lisilo na genge wala mti, na lenye tambarare upande wa chini. Mashine iwe haina trela wala mzigo. Ashuke kwenye gia ya kwanza, abane kushoto kidogo, na ajionee mwenyewe.

Tabia hiyo si ya pawatila peke yake. Makatapila ya zamani yanayogeuzwa kwa klachi za pembeni huwa na tabia hiyo hiyo yanaposukumwa na mzigo katika mtelemko. Mashine mpya za minyororo zinazoendeshwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki hazigeuki hivyo, lakini zina hatari zake, kama itakavyoonekana.

Kushuka na mzigo

Uzito wa kilo 1,000 katika mtelemko wa asilimia 20 husukuma kuelekea chini kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Katika asilimia 10 ni kama kilo 100. Hesabu hiyo ni rahisi kukumbuka, na huonyesha kwa nini mtu mmoja hawezi kulizuia trela kwa kuegemeza bega.

Madereva wa malori wana kanuni ya kale: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kanuni hiyo yatosha kwa pawatila pia, mradi gia ichaguliwe juu, mashine ikiwa imesimama, kabla gurudumu la kwanza halijaingia kwenye mtelemko. Anayejaribu kubadili gia katikati ya mtelemko hulazimika kubana klachi, na katika nukta hiyo mashine huwa imeachiliwa. Aghalabu hairudi kwenye gia tena, kwa sababu mwendo umekwisha kuzidi.

Baadhi ya madereva huondoa gia kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Tendo hilo lipigwe marufuku kwa maandishi. Mafuta yanayookolewa katika mtelemko wa robo kilomita hayajazi kikombe.

Wakati wa masika udongo mwekundu wa Usambara huteleza kama sabuni, na hapo hata gia haisaidii, kwa kuwa gurudumu lililozuiwa huburutika tu. Kipimo kilichofaa mwezi wa Februari hakifai mwezi wa Aprili. Njia zilizoruhusiwa wakati wa kiangazi zipimwe upya kwa mguu: mtu aliyevaa viatu vya kawaida akishindwa kushuka bila kushika kitu, mashine isishuke siku hiyo.

Kuhusu trekta la kawaida la magurudumu manne yatosha kueleza mambo mawili. Kwanza, linapovuta mzigo kwenda juu, mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini tu. Ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta laweza kumpindukia dereva kwa nyuma katika muda wa sekunde moja na nusu hivi, muda usiotosha hata kuinua mguu. Pili, trekta liwe na upinde wa kinga juu ya kiti, na dereva afunge mkanda. Sweden iliamuru kinga hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana huko. Mtu anayeung'oa upinde ili trekta lipite chini ya matawi ya miparachichi ameithamini miparachichi kuliko dereva.

Ngazi za shamba na ngazi za jengo

Wazee wa Mlalo wanajua historia ya matuta. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliyalazimisha, wananchi wakayapinga, na mpango huo ukaachwa kabla ya Uhuru. Makinga maji na matuta ya ngazi yaliyopo leo ni mengine. Ni kazi ya wakulima wenyewe na majani yao ya Guatemala. Shamba la ngazi ni tambarare juu ya kila ngazi, kwa hiyo hushawishi. Tatizo ni kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Mashine isirushwe juu ya ukingo. Itengenezwe njia ya kupandia mwishoni mwa shamba, mahali pamoja, nayo ishindiliwe. Urefu wake hupatikana kwa hesabu: ukingo wa sentimita 60, kwa mtelemko wa asilimia 25, wahitaji njia ya sentimita 240. Ukingo wa mita moja wahitaji mita 4. Hesabu hiyo ndiyo itumike pia kwa mbao za kupakilia mashine kwenye lori. Mbao fupi za mita 2 kwenye bodi lenye kimo cha mita moja ni mtelemko unaopita asilimia 50, na ndizo zinazoonekana kila mahali. Aidha, mashine isilime karibu na ukingo. Iache angalau upana wake mmoja, kwani udongo wa ukingoni ni wa kujazwa na hauna nguvu. Na ukingo ukibomoka, kazi ya miaka ya mwenye shamba na ya jirani yake wa chini hupotea kwa mvua moja.

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya minyororo haiogopi mlima. Mnyororo haukubuniwa kwa ajili ya mlima. Benjamin Holt wa Marekani alipoujaribu mwaka 1904 katika jimbo la California, shida yake ilikuwa ardhi laini ya bondeni, ambamo matrekta mazito ya magurudumu yalizama. Mnyororo hutandaza uzito. Hauondoi kupinduka, na juu ya majani mabichi au jiwe lililolowa huteleza wote kwa pamoja kama ubao. Ukikatishwa mlima kwa ubavu na kugeuzwa ghafula, huchomoka kwenye magurudumu yake, na mashine yenye mnyororo mmoja haina breki upande wa pili.

Mnyororo una hila nyingine ifikapo ukingoni au kileleni. Mashine hupanda, pua ikitazama juu, mpaka kitovu cha uzito kivuke ukingo. Hapo huanguka mbele kwa kishindo. Dereva asiyelitazamia hilo hurushwa. Apunguze mwendo kabla ya kufika, na avuke kwa kutambaa.

Siku hizi ziko mashine ndogo za minyororo zenye jukwaa la kumwinulia fundi juu, zinazotumiwa na wakata matawi na wapaka rangi wa majengo marefu, na baadhi yake zaweza kupita kwenye ngazi za jengo. Chama au parokia ikiikodi mashine kama hiyo kwa kazi ya paa la ghala au mnara, kanuni ni zile zile kwa ukali zaidi. Mtu asikae jukwaani mashine inaposafiri katika mtelemko. Mkono wa kuinulia uwe umekunjwa na kufungwa, ili kitovu cha uzito kiwe chini. Mwendeshaji asimame upande wa juu wa mlima, akiwa na kidude cha kuongozea mkononi, asisimame kamwe mahali ambapo mashine ingemfuata ikiteleza. Katika ngazi, mashine iende moja kwa moja, isigeuzwe hata kidogo, na minyororo iguse kingo za vidato viwili au zaidi wakati wote; ikiwa ni mifupi kiasi cha kugusa kimoja tu, itabembea na kudondoka. Ngazi yenyewe ikaguliwe kama yaweza kuubeba uzito huo. Na jukwaa lisiinuliwe mpaka miguu ya kusimamia iwe imeshuka juu ya ardhi ngumu na mashine iwe imelala sawa kwa pimamaji.

Kazi ya Katibu

Yaliyotangulia ni ya dereva. Lakini dereva hufanya kazi kwa amri na kwa malipo, na vyote viwili hutoka ofisini.

Kwanza ni malipo. Chama kinachomlipa dereva kwa safari, au kwa kiroba, kimemwagiza ajaze lumbesa na ashuke mbio, hata kama masharti ya chama yanasema vingine. Ni afadhali alipwe kwa siku, na nyongeza yake itokane na mashine kumaliza msimu bila kuharibika.

Pili ni daftari la njia. Njia zote za wanachama wanaohudumiwa zipimwe, na kila moja iandikwe mtelemko wake mkali kupita wote. Katika daftari ziwekewe rangi: kijani kwa zile zilizo ndani ya kiasi cha mtengenezaji hata kwa mzigo, manjano kwa zile za mashine tupu na wakati wa kiangazi tu, nyekundu kwa zile zisizopitika. Kitabu cha mashine kisipoonyesha kiasi, chama kimuulize muuzaji kwa barua, au kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha, ambacho hushughulikia zana za kilimo. Muuzaji asiyeweza kujibu barua hiyo asiuziwe imani.

Rangi hizo zina faida ambayo haionekani mara moja. Dereva kwa kawaida ni kijana, na mwenye shamba ni mzee. Mzee akisema, "Mwanangu, shusha tu hapa, hata mwaka jana walishusha," kijana wa Kisambaa hana ulimi wa kumkatalia mtu wa rika la baba yake. Kwa hiyo chama kikatae kwa niaba yake. Yafaa aweze kujibu kwa heshima: "Shikamoo mzee. Njia yako imeandikwa nyekundu katika daftari la chama, nami sina ruhusa. Tafadhali zungumza na Katibu." Ubishi hutoka njiani, penye hatari, na kuhamia ofisini, ambako hakuna atakayeanguka.

Tatu ni sheria. Chama kilichomwajiri dereva ni mwajiri kama waajiri wengine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini au wategemezi wake. Katibu ahakikishe kwamba chama kimesajiliwa na michango inalipwa. Dereva asiye na mkataba, anayelipwa mkononi bila hati, akivunjika mguu, familia yake itabisha hodi kwa wanachama wote, na mkutano utajikuta unajadili mchango wa hospitali katika ajenda ya mengineyo.

Mwisho, ziko njia nyekundu ambazo zitabaki nyekundu. Kwa wanachama wa huko chama kitafute huduma nyingine: punda, wapagazi wanaolipwa vizuri, au mkutano wa kazi wa kuichimba na kuizungusha njia. Wasitozwe sehemu sawa ya gharama za mashine ambayo haiwezi kuwafikia. Jambo hili liamuliwe kabla ya kununua, maana baada ya kununua wenye mashamba ya tambarare huwa wengi wa kura.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Pimeni njia tatu zinazotumiwa na wanachama wenu. Ni ipi iliyo kali kuliko mlivyodhani, na kwa asilimia ngapi?

Trela lenu lina upana gani kati ya magurudumu? Mzigo wa kawaida wa siku ya soko huinua kitovu cha uzito kufikia kimo gani? Gawanyeni, kisha mlinganishe na njia mliyoipima.

Kitabu cha mashine chasema mwisho wake ni nyuzi 15. Mti wenu wa mita 2 umeonyesha kimo cha sentimita 58. Je, mashine iruhusiwe kupita?

Mwombeni dereva wenu aeleze, bila kusaidiwa, mashine itaelekea wapi akibana kishikio cha kulia wakati wa kushuka na mzigo. Asipojua, ni nani aliyempa ufunguo?